Sura ya Sita: Mwanafizikia Kwenye Kisima cha Mvuke

Juu ya mji wa Nakuru, ndani ya kreta ya Menengai, Kampuni ya Kuendeleza Jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima vya mvuke mwezi Februari 2011. Mitambo ya kuchimba ilipewa jina la Simba, na visima vikashuka kilomita mbili hivi kwenda chini. Kazi yenyewe ni ya uhandisi, ila si wote wanaoifanya waliosomea uhandisi tangu mwanzo. Wapo waliotoka kwenye jiolojia, kemia, fizikia au hisabati, wakaingia kwa mlango wa uzamili.

Waliwezaje?

Tazama jinsi kisima kinavyopimwa. Uchimbaji ukiisha, maji baridi husukumwa ndani kwa pampu, huku kipimashinikizo kikiwa kimeteremshwa kwa waya hadi kina kirefu. Kisha pampu huzimwa. Shinikizo huanza kushuka, kasi mwanzoni, baadaye taratibu, na kifaa hurekodi kila badiliko. Vipimo hivyo vikichorwa kwa kipimo cha logi ya muda, kuna sehemu ya mchoro inayonyooka. Mteremko wa mstari huo, ukichukuliwa pamoja na kiwango cha maji yaliyosukumwa na mnato wake, unaonyesha mwamba ule unapitisha maji kwa wepesi gani. Jibu hilo husaidia kuamua kama kisima kinastahili kuunganishwa na mtambo wa umeme au la.

Mlinganyo unaotawala kushuka huko ni uleule wa joto linalosambaa ndani ya chuma. Mwaka 1935, Mmarekani Charles Theis, aliyekuwa akichunguza visima vya maji, alimwomba msaada rafiki yake mwanahisabati, Clarence Lubin. Suluhisho lililokuwa limekokotolewa kwa ajili ya joto likahamishiwa kwenye maji ya ardhini. Ndiyo maana mhitimu wa fizikia, tuseme kutoka Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, haanzi na mikono mitupu. Mkemia naye ana mtaji wake: silika iliyoyeyuka kwenye maji ya moto huganda maji yanapopoa, ikaziba mabomba, na kulizuia tatizo hilo kunahitaji kemia hasa.

Kinachowapungukia ni usanifu: kuchagua chuma na saruji ya kushikilia kuta za kisima, kukadiria mtiririko wa maji na mvuke vinavyopita pamoja bombani, kusoma michoro, na kuacha nafasi ya usalama pale ambapo vipimo havikamiliki. Pengo hilo huzibwa kwa masomo ya ziada kabla ya tasnifu au sambamba nayo.

Njia imekwisha kukanyagwa. Tangu 1979, Iceland inaendesha mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi kwa wahitimu wa sayansi na uhandisi, na uhandisi wa hifadhi za mvuke ni mojawapo ya fani zake. Kenya imepeleka wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na baadhi yao wameendelea hadi uzamili hukohuko. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi yake ya jotoardhi.

Lakini kila mwombaji wa uzamili aambiwe mapema kuhusu Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Ili mtu asajiliwe kuwa mhandisi mhitimu, lazima sifa zake zitokane na mafunzo ya uhandisi ya angalau miaka minne baada ya sekondari. Kisha hufuata angalau miaka mitatu ya kazi kabla hajawa mhandisi mtaalamu. Uzamili wa miaka miwili juu ya shahada ya fizikia kwa kawaida hautimizi sharti hilo.

Kwa hiyo anayetaka kutia sahihi michoro ya madaraja kama mhandisi aliyesajiliwa hana budi kurudi kwenye shahada ya kwanza. Anayetaka kuielewa hifadhi ya mvuke ana kazi inayomsubiri: mtambo wa Sosian, wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme Menengai mwaka 2023, na shinikizo la visima vinavyoulisha litahitaji kufuatiliwa miaka yote utakapokuwa ukifanya kazi.