Costa Rica: nchi isiyo na jeshi, na wanaohesabu kura zake

Kila tunapoitaja Costa Rica hewani, watu hutaka kujua jambo moja: nchi inakaaje bila jeshi? Tunalijibu hapa, ila inabidi tuanzie kwenye sanduku la kura.

Costa Rica ni jamhuri ndogo ya Amerika ya Kati, iliyo kati ya Nikaragua na Panama. Februari 1948 ilifanya uchaguzi wa rais na Otilio Ulate wa upinzani akatangazwa mshindi. Bunge, lililokuwa na wafuasi wengi wa serikali, likafuta matokeo. Mkulima mmoja, José Figueres, akashika silaha. Vita vilidumu siku 44, na inakadiriwa watu 2,000 walikufa.

Figueres alishinda, akaongoza serikali ya mpito kwa miezi 18. Tarehe 1 Desemba 1948 alichukua nyundo, akapiga ukuta wa kambi ya jeshi jijini San José kuonyesha kwamba jeshi limevunjwa. Kambi ile leo ni Makumbusho ya Taifa. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yetu ni gumu zaidi: Novemba 1949 alimkabidhi Ulate nchi, akaondoka.

Katiba ya 1949, inayotumika hadi leo, inakataza jeshi la kudumu. Polisi wapo. Lakini vita vilikuwa vimeletwa na kura, na huko ndiko Katiba ilikotia mkazo. Wabunge walinyang'anywa kazi ya kuamua nani ameshinda urais, ikapewa Mahakama Kuu ya Uchaguzi. Majaji wake hawateuliwi na rais. Huchaguliwa na Mahakama ya Juu kwa miaka sita. Wakishaamua jambo la uchaguzi, hakuna pa kukata rufaa. Rais na mawaziri wake hawaruhusiwi kupiga kampeni, hata ya kumbeba mgombea wa chama chao.

Mahakama hiyo ndiyo pia inayoandikisha vizazi na vifo na kutoa vitambulisho. Kwa hiyo mwananchi akifikisha miaka 18 jina lake huingizwa kwenye daftari la wapiga kura bila yeye kwenda kupanga foleni ya kujiandikisha. Na aliyefariki huondolewa na ofisi ileile iliyopokea taarifa ya kifo chake. Ukifikiria ugomvi unaoletwa na daftari la wapiga kura kwingineko, hili si dogo.

Bunge lina wabunge 57. Wao na rais huchaguliwa kwa miaka minne, na hakuna anayeruhusiwa kugombea tena papo hapo: mbunge hupisha muhula mmoja, rais hupisha miaka minane. Kushinda urais kunahitaji zaidi ya asilimia 40 ya kura halali. Asipopatikana wa kufikia hapo, wawili wa juu hurudi kwa wananchi mwezi Aprili.

Mwaka 2022 walirudi. José María Figueres, mtoto wa yule mzee wa nyundo na mwenyewe rais wa zamani, aliongoza duru ya kwanza kwa asilimia 27 hivi. Rodrigo Chaves alifuata akiwa hajafika hata 17. Aprili mambo yakageuka, Chaves akapata karibu asilimia 53. Figueres alikubali kushindwa usiku uleule.