Fahamu: Namba tasa ya tarakimu milioni 41 ina faida gani?

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kipeo cha 136,279,841, toa 1. Aliyeigundua ni Luke Durant wa Marekani, kupitia mradi wa kujitolea wa GIMPS, na ina tarakimu 41,024,320. Wengi hudhani namba ya aina hii ndiyo inayolinda fedha mtandaoni. Sivyo. Mfumo wa RSA, mojawapo ya kufuli za intaneti ambazo mkulima wa mboga wa Mgeta, huko Uluguru, huzitegemea anapofungua tovuti ya benki, hutumia namba tasa za tarakimu mia chache tu, tena za siri.

Basi ya nini? Thamani yake imo katika kuithibitisha. Mwanafunzi wa sekondari ya Kilakala au Mzumbe anaweza kuanza na daftari: 2 kipeo cha 3, toa 1, ni 7, namba tasa. Kipeo cha 5 kinatoa 31, cha 7 kinatoa 127, zote tasa. Inashawishi kuamini kwamba kipeo tasa huzaa tasa daima. Lakini kipeo cha 11 kinatoa 2047, nayo ni 23 mara 89. Mifano mingi, kumbe, haitoshi kuwa uthibitisho, na ndiyo maana jaribio la Lucas na Lehmer, linaloamua kama namba ya aina hii ni tasa bila kutafuta vigawo, nalihesabu kuwa hazina kubwa kuliko namba yenyewe. Wapo watakaosema shule zenye uhaba wa vitabu hazina nafasi ya anasa hii. Ila kufika 2047 kunahitaji kalamu tu, na njia hiyo huelekea kwenye swali lililo wazi: hadi leo hakuna aliyethibitisha kama namba tasa za Mersenne, yaani hizi za 2 kipeo cha namba fulani, toa 1, zina mwisho.