Tumboni mwa ng'ombe, hewa ni sumu

Wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wengi waliteremka na mifugo hadi Rufiji. Leo huko Bungu, mkoani Pwani, kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, kupishana na kundi la ng'ombe si jambo la ajabu. Kila tonge la nyasi analomeza ng'ombe huteremka na hewa kidogo, na hewa hiyo ni balaa kwa bakteria wa tumbo lake la kwanza.

Bila wao ng'ombe hawezi kumeng'enya majani. Fibrobacter na Ruminococcus huvunja nyuzi za nyasi, na uchachukaji huzaa asidi zinazompa ng'ombe nguvu. Gesi ya methani inayozaliwa humo yeye huibeua. Mmarekani Robert Hungate, aliyebuni njia ya kuwaotesha bakteria hawa pasipo hewa, alichapisha na wenzake mwaka 1959 vipimo vya uchachukaji huo kwa wanyama wa Afrika Mashariki.

Oksijeni inawadhuru hivi: ikinyakua elektroni ndani ya bakteria hugeuka supaoksidi, kisha haidrojeni peroksidi. Hizo huvuruga madini ya chuma yaliyomo kwenye vimeng'enya. Chuma kinachochomoka kikikutana na peroksidi, huzaliwa kemikali kali inayokatakata DNA.

Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kimeng'enya kinachozima supaoksidi, supaoksidi dismutasi, walichokipata kwenye damu ya ng'ombe. Mwaka 1971 wakadai kwamba bakteria wasiovumilia hewa hawana kimeng'enya hicho. Dai zuri, lakini halikudumu: baadhi yao walikutwa nacho, cha aina inayotumia chuma. Wapo pia wenye protini iitwayo rubreritrini, ambayo mimi naiona ya werevu zaidi. Kimeng'enya cha katalasi kikivunja peroksidi huacha oksijeni, yaani adui yuleyule; rubreritrini huacha maji tu.

Kinga hiyo inatosha hewa ya tonge, haitoshi maji ya tumbo yaliyoachwa wazi kwenye ndoo. Ndiyo maana daktari wa mifugo anayehamisha maji ya tumbo la ng'ombe mzima kwa mwenzake aliyeacha kucheua huyachuja upesi, hujaza chupa ya chai mpaka shingoni, huifunga, na kumnywesha mgonjwa yangali na joto la nyuzi 39 hivi.