Kwa Nini Mama Mwalimu Hataji Mshahara Wake

Mishahara ikitoka mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, habari hufika nyumbani kabla ya pesa. Mwalimu wa mtaa wa Mikelenge bado yuko njiani, shemeji ameshakaa barazani. Muuguzi hajavua viatu, mtoto wa dada yake amesimama mlangoni na deni la karo. Hakuna mwenye kosa hapo. Katika ukoo mzima wenye kazi ya mwezi ni wawili, pengine mmoja, na makuta ya huyo mmoja yana majina ya wengi. Ndiyo maana mama mwalimu, msomi aliyezoea kusema mbele ya watu, akiulizwa amepata ngapi hushusha sauti: "Bado hawajatulipa."

Watu huita hilo uchoyo. Wapole zaidi huliita haya. Wachumi waliolipima wamekuta hesabu ya mtu anayejua anachofanya, na aliye tayari kula hasara kwa ajili yake.

Jaribio lenyewe lilifanyika vijijini magharibi mwa Kenya. Pamela Jakiela na Owen Ozier, waliochapisha matokeo yao mwaka 2016, waliwapa washiriki pesa taslimu, wengine shilingi 80, wengine 180. Kila mmoja alichagua kiasi cha kubaki nacho mfukoni na kiasi cha kukitia katika mchezo wa bahati uliofanana na biashara: huenda kikapotea chote, huenda kikarudi mara tano, kama sarafu irushwavyo juu. Kwa hesabu tupu, kutia nyingi kuna faida. Ila baadhi yao waliambiwa kwamba kilichotiwa mchezoni kitatangazwa mbele ya wanakijiji, ilhali cha mfukoni hakitatajwa. Hapo wanawake waliopewa 180 wakaelekea kutia 80 au pungufu, ili waonekane kama wale waliopata kidogo. Waliiacha faida ili wasijulikane. Tabia hiyo ilizidi kwa wanawake ambao ndugu zao walikuwapo palepale. Na washiriki walipopewa nafasi ya kulipa ili wasitangazwe, wapo waliolipa.

Ndani ya nyumba nako kuna hesabu yake. Huko Kibera, Nairobi, Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walieleza mwaka 2002 kwamba wake wengi hujiunga na vyama vya kuchangiana kwa zamu, yaani likelemba kama tunavyoiita Kongo, ili akiba iwe mahali ambapo mume hawezi kuifikia. Kwa mke Mkongomani, sheria nayo ilichangia kumfunga mdomo. Kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya 1987 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga yeye mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa Julai 2016. Mwalimu aliyeolewa kabla ya hapo alijifunza kushika pesa zake chini ya sheria ile, na binti yake alijifunza kwa kumtazama.

Basi kunyamaza kunalinda. Lakini kunachosha, na uchovu huo una maelezo. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Michael Slepian na wenzake walionyesha kwamba uzito wa siri hautoki sana katika ile dakika ya kuificha mbele ya mtu. Unatoka katika nyakati ambazo akili huirudia yenyewe, mtu akiwa jikoni au kitandani. "Bado hawajatulipa" ni maneno mawili tu. Usiku ndipo hesabu inapoanza: nani nimemwambia nini, nani atakutana na mwenzangu wa kazini, nani ataniona sokoni na kikwembe kipya.

Kutaja kunafanya kazi pia. Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hofu au hasira. Wakaona, mwaka 2007, kwamba mtu akichagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, hutulia kiasi. Picha za nyuso si mshahara, nakubali. Hata hivyo, anayesema "naogopa dada yangu atanichukia nikikataa" ameshafanya jambo ambalo mwenye kusema "sina" hajalifanya.

Sasa aseme wapi? Mashariki mwa Kongo chumba cha kusemea kipo tayari, nacho ni AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Mara nyingi wanachama hawazidi 25. Pesa hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Kila mtu hununua hisa zake hadharani, huomba mkopo akitaja sababu yake kwa sauti, na mwisho wa mzunguko, baada ya mwaka hivi, wanagawana. Mwanamke yuleyule anayedanganya barazani hapa anatamka tarakimu kamili. Naye ana sababu: wanaomsikia nao wametaja zao, na hakuna aliyekuja kuomba bure.

Tusiifanye dawa ya kila kitu. Utafiti wa Judith Bass na wenzake kwa wanawake wa Kivu ya Kusini walionusurika ukatili wa kingono ulionyesha kwamba vikundi hivi viliongeza chakula nyumbani na kupunguza unyanyapaa waliokuwa wakiuhisi, lakini dalili za maumivu ya akili hazikupungua kuliko kwa wale waliosubiri zamu yao ya kujiunga. Majeraha hayo yanataka tiba yake.

Kwa mwalimu na muuguzi wa Mikelenge, jambo la kuuliza kwanza ni nani atakuwepo wakisema. Kuwahimiza waseme wazi kuhusu pesa bila kujibu hilo ni kuwarudisha barazani kwa shemeji.