Maonesho ya Muda ya Makumbusho na Historia ya Bonde la Kilombero

Makumbusho ya historia huwa na maonesho ya aina mbili: ya kudumu, ambayo hukaa miaka mingi yakisimulia historia ya nchi kwa mapana, na ya muda, ambayo hufunguliwa kwa wiki au miezi kadhaa ili jambo moja lichambuliwe kwa kina. Kwa kuwa vitu vinavyooneshwa kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya mkusanyo, yaani jumla ya vitu vilivyotunzwa, maonesho ya muda ndiyo huvipa vitu vya ghalani nafasi ya kuonekana.

Muda huo huwekewa kikomo pia kwa sababu za uhifadhi. Nguo, manyoya na karatasi hufifishwa na mwanga, na ndiyo maana makumbusho mengi hayaruhusu vimulikwe kwa zaidi ya laksi 50, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, kisha huvirudisha gizani. Kitu kilichoazimwa huambatana na mkataba unaotaja muda na bima, pamoja na ripoti ya hali inayoeleza kila ufa na doa kabla na baada ya safari.

Kwa mfano, mwishoni mwa mwaka 2024, Humboldt Forum, jumba la makumbusho na utamaduni mjini Berlin, ilifungua maonesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Miongoni mwa vitu vya Tanzania vilivyomo katika makusanyo ya Berlin vimo vilivyotekwa katika vita vya kikoloni, vikiwemo vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na kwa vitu vya namna hiyo lebo, yaani maelezo mafupi yanayowekwa kando ya kitu, haina budi kusema kilichukuliwa na nani na kwa njia gani.

Vita hivyo ni historia ya bonde la Kilombero pia, kwani tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Wapogoro na Wambunga walishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, kando ya bonde hilo, wakarudishwa nyuma kwa bunduki za rashasha. Hata hivyo Makumbusho ya Maji Maji yako Songea, mbali na mkazi wa bonde hilo, kwa mfano wa Masagati. Pengo hilo linaweza kuzibwa na maonesho ya kuhamahama, ambayo ni maonesho ya muda yenye mabango, nakala za picha na sauti zilizorekodiwa, yanayoweza kusafirishwa kwa reli ya TAZARA hadi Mlimba, kisha kwa barabara.

Maonesho hayo hayatakamilika iwapo wenyeji watabaki kuwa watazamaji tu. Wandamba, wenyeji wa bonde hilo wanaoujua mto Kilombero kwa mitumbwi na migono ya kuvulia samaki, wanapaswa kushiriki kuchagua vitu na kusahihisha lebo kabla hazijachapwa, na masimulizi ya wazee yanapaswa kurekodiwa na nakala kuachwa shuleni, kwa sababu maonesho ya muda yana thamani kamili pale maarifa yaliyokusanywa kwa ajili yake yanapobaki mikononi mwa wenye historia hiyo.