Jimmie Rodgers na warithi walioshindwa kumwiga

Mwimbaji anapofariki, wanaompenda hukimbilia kumhifadhi jinsi alivyokuwa. Gitaa lake hufungiwa kwenye kabati la vioo, nyimbo zake hutolewa upya, na kila mwaka hupatikana vijana wa kupanda jukwaani wamevaa kama yeye na kuimba kama yeye. Kazi hiyo ni njema na haina budi kufanywa. Lakini je, ndiyo inayomfanya mwimbaji adumu? Habari za Jimmie Rodgers, Mmarekani anayetajwa kuwa baba wa muziki wa country, zinaonyesha kwamba sivyo. Rodgers alifariki zaidi ya miaka 90 iliyopita na jina lake halijapotea. Ukifuatilia waliomfikisha hapa, utakuta kwamba waliomwongezea umri si wale waliomwiga barabara. Ni wale walioshindwa kumwiga, pamoja na wengine ambao hata hawakujaribu. Miongoni mwao wamo wasichana wa Kikipsigis wa Kapkatet, nchini Kenya.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi ndio unaomhesabu kuwa mwanawe. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, naye tangu ujana alifanya kazi hukohuko relini, kwanza akiwapelekea vibarua maji ya kunywa, baadaye akawa mshika breki wa treni. Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, na kazi ya reli ikamshinda. Tarehe 4 Agosti 1927, mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alimrekodi nyimbo mbili. Novemba mwaka huohuo, huko Camden, New Jersey, alirekodi wimbo wa kwanza katika mfululizo wake wa Blue Yodel, na huo ndio uliomtoa. Yodeli ni uimbaji wa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi ile nyembamba ya juu na kuirudisha, tena na tena katika pumzi moja. Kwa mtu mwenye mapafu yaliyoharibika, huo si mchezo. Hata hivyo, katika miaka isiyotimia sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Mei 1933, studioni New York, alikuwa amedhoofika hivi kwamba aliwekewa kitanda ili ajinyooshe kati ya wimbo na wimbo. Alifariki hotelini mjini humo tarehe 26 mwezi huo akiwa na miaka 35, na mwili wake ukarudishwa Meridian kwa treni.

Waigaji walijitokeza angali hai. Gene Autry alianza kwa kurekodi nyimbo zilezile za Rodgers kwa sauti iliyokaribiana sana na yake, lakini leo dunia inamkumbuka kwa jambo jingine alilokuja kulifanya kivyake, yaani yule cowboy mwimbaji wa sinema. Anayefundisha zaidi ni Ernest Tubb wa Texas, ambaye hakuwahi kukutana na Rodgers lakini alimhusudu kupita kiasi. Baada ya msiba alimtafuta mjane, Carrie Rodgers, naye mama huyo akampokea, akamsaidia kupata mkataba wa kurekodi, na akamkabidhi gitaa la marehemu. Gitaa hilo lilikuwa na jina la Rodgers shingoni, na mgongoni lilikuwa na neno la shukrani kwa herufi kubwa zilizoandikwa juu chini, ili mwimbaji akilipindua mwisho wa wimbo wasikilizaji walisome. Tubb alikuwa na baraka za mjane, gitaa la marehemu na nia ya kufuata nyayo, lakini santuri zake za kuiga hazikununuliwa. Mwaka 1939 alipasuliwa kuondolewa mafindofindo, sauti ikabadilika, na yodeli ikamtoka moja kwa moja. Alilazimika kuandika nyimbo zinazolingana na koo alilobaki nalo. Mwaka 1941 alitoa wimbo wa Walking the Floor Over You, ukavuma nchi nzima, na Tubb akawa nguzo ya mtindo wa honky-tonk, muziki wa baa za wafanyakazi wa Texas. Gitaa la Rodgers aliendelea kulipiga kwa miaka mingi, na ni kwenye nyimbo hizo mpya zaidi kuliko zile za kuiga ndiko watu wengi walikoliona na kulisikia.

Huko Mississippi alikotoka Rodgers kulikuwa na kijana mwingine, Mwafrika Mmarekani aliyeitwa Chester Burnett, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Howlin' Wolf. Naye alizipenda santuri za Rodgers, akajaribu kuirusha sauti kama yeye, akashindwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kuwa yodeli ilimkataa aligeukia mngurumo na mlio mrefu wa mbwa mwitu. Mlio huo ukawa mojawapo ya sauti zinazotambulika upesi kuliko zote katika blues ya Chicago, na kutoka hapo ukavuka bahari hadi kwa vijana wa Uingereza waliouingiza kwenye muziki wao wa rock. Waandishi wa historia humweka Rodgers katika ukurasa wa wazungu wa country na Howlin' Wolf katika ukurasa wa Waafrika Wamarekani wa blues. Wanamuziki wenyewe hawakuishi hivyo, na urithi wa Rodgers ulipita palepale ambapo kurasa hizo zinadai kuna ukuta.

Ushahidi mzito kuliko wote hauko Marekani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika kurekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis upande wa Kericho. Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lake likiwa limekwisha kuzoea midomo ya Wakipsigis, ambao walikuwa wameisikia sauti yake kwenye santuri zilizoletwa na wageni. Wimbo wa tatu ndio uliosafiri mbali. Unaimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa mlio wa chepkong, kinubi cha Wakalenjin kilicho jamaa ya nyatiti ya Wajaluo. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha wa wimbo huo ni nusu mtu na nusu swala, na wasichana wanamwalika aingie ngomani, acheze na kuruka kwa nguvu hadi nguo zimtoke mwilini. Hakuna yodeli humo, hakuna gitaa wala treni. Rodgers alikuwa na miaka 17 kaburini, na Afrika hakuwahi kuikanyaga.

Yupo atakayesema kwamba huo si urithi, ni kutoelewa. Wasichana hawakujua Rodgers ni nani, hawakufahamu maneno yake, na hakuna sauti moja ya muziki wake waliyoibakiza; kwa hiyo kilichodumu ni jina tu, tena jina lililobadilika. Hoja hiyo ingesimama kama urithi wa mwimbaji ungekuwa mashairi yake na noti zake peke yake. Tuangalie walichopokea. Walisikia sauti isiyo na mwili, ikitoka kwenye sanduku, ikirukaruka kutoka chini kwenda juu kwa namna ambayo koo la mtu wa kawaida halifanyi. Walikielewa kilicho kikuu katika sauti hiyo, ule mruko, wakakipa mwili wa mnyama anayeruka na nafasi katika ngoma yao. Kuna wasimulizi wa Ulaya na Marekani waliokigeuza kisa hiki kuwa hadithi ya wanakijiji waliomfanya mtu wa gramafoni kuwa mungu. Wimbo wenyewe hausemi hivyo. Wasichana wanaomtaka mgeni acheze mpaka nguo zimtoke hawamwabudu, wanamtania, na utani huo ni njia ya kale ya kumfanya mgeni awe mwenyeji. Waigaji wa Texas walichukua mavazi na maneno ya Rodgers wakakosa mshangao wake, ilhali mabinti wa Kapkatet waliacha maneno na mavazi wakaushika mshangao.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Bila waliohifadhi, hawa waliobadilisha wangebadilisha nini? Peer asingemrekodi, Victor isingesambaza santuri, Carrie asingelitunza gitaa, basi Tubb, Howlin' Wolf na Chemutoi Ketienya wasingesikia lolote. Ni kweli tupu. Pia ni kweli kwamba heshima rasmi ina kazi yake: Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Country mwaka 1961, na Meridian imekuwa ikimwadhimisha tangu 1953. Lakini kuhifadhi ni sharti tu, hakutoshelezi. Waimbaji waliorekodiwa pamoja naye miaka ya 1920 ni wengi, na santuri zao zimetunzwa kwenye maktaba kwa uangalifu uleule, lakini nyingi hazisikilizwi na mtu isipokuwa watafiti. Mbegu iliyotunzwa ghalani haijawa shamba. Mwimbaji wa country Merle Haggard alipoziimba nyimbo zake mwaka 1969, na Bob Dylan mwaka 1997 alipowakusanya wanamuziki wa aina mbalimbali kumuenzi Rodgers kwa albamu moja, walimrudisha masikioni mwa kizazi kipya kwa sababu nyimbo zile zilipitia sauti zao wenyewe. Aliyezitunza na aliyezibadilisha wanahitajiana, ila wa pili ndiye mara nyingi anayelaumiwa kwa kuharibu.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, na haistahili kupitwa kwa haraka. Anayechukua na kugeuza anaweza pia kuwa anapora. Rodgers mwenyewe alijifunza blues kwa vibarua Waafrika Wamarekani aliofanya nao kazi relini, na majina yao hayamo kwenye santuri zake. Tarehe 16 Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi Blue Yodel namba 9 akisindikizwa kwa tarumbeta na Louis Armstrong na kwa piano na Lil Hardin Armstrong, nayo majina yao hayakuchapishwa kwenye lebo. Kapkatet nako gramafoni ilifika kwa njia zilezile za ukoloni zilizomfikisha mzungu, na baada ya Tracey kurekodi, sauti za wasichana zilikwenda kuuzwa na kusifiwa nchi za mbali huku wenyewe wakibaki bila kuzisikia. Mtu akisema kwamba sifa za kubadilishana muziki huimbwa zaidi na upande uliofaidika, anasema kweli.

Jibu la dhuluma hiyo, hata hivyo, si kuufungia muziki. Ukiwakataza watu kugusa wimbo wa marehemu, wanyonge ndio watakaokuwa wa kwanza kuzuiwa, kwa kuwa mwenye pesa hanunui kibali tu, hununua na wakili. Jibu ni jina na malipo. Katikati ya muongo wa 2010, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi zile Kapkatet. Walimkuta mzee aliyekuwa miongoni mwa waliorekodiwa mwaka 1950 akiwa bado hai, na jamii ikasikia sauti za watu wake baada ya zaidi ya miaka 60. Walichelewa mno, na waimbaji wengine walikuwa wamekwisha kufa. Lakini kitendo hicho kilionyesha njia: acha wimbo utembee, kisha hakikisha kila ulikopita pana jina la mtu na haki yake inamfikia.

Somo hili linatuhusu kwa karibu. Kenya ni moja ya nchi za Afrika zinazoipenda country kwa dhati, na mwimbaji Jim Reeves, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, bado anasikika nyumbani na redioni kana kwamba ametoa santuri jana. Wapo Wakenya wanaouimba muziki huo jukwaani, akiwamo Elvis Otieno anayejulikana kama Sir Elvis. Kuimba nyimbo za marehemu kwa usahihi ni ustadi na ni burudani, na wanaofanya hivyo wanastahili mashabiki wao. Ila historia ya Rodgers inawaambia kwamba heshima kubwa zaidi bado iko mbele yao, siku watakapouchukua muziki huo wakaupeleka mahali ambapo wenyewe wa Nashville, makao ya country, wasingeweza kuufikisha.

Kwa wanaotunza kazi za wasanii waliotangulia, iwe ni familia, kampuni au vituo vya redio vyenye kanda zinazooza kwenye rafu, ombi ni moja. Zitunzeni, ziorodhesheni kwa majina kamili ya walioimba na waliopiga ala, kisha zifungueni. Kijana akija na sauti isiyofanana kabisa na ya marehemu, akaupindua wimbo kwa namna msiyoitazamia, msianze kwa kumwambia ameuharibu. Mdaini alitaje jina la mwenye wimbo, alipe kinachostahili, kisha mwacheni aimbe. Huenda huyo ndiye atakayemfikisha marehemu wenu miaka mia moja ijayo.