Jiwe la Kisii: Nani Ana Haki ya Kutumia Jina Hili?

Ukiingia duka la vinyago Nairobi au Mombasa, muuzaji atakuonyesha kiboko, bakuli au sahani na kukuambia, "Hili ni jiwe la Kisii." Je, limetoka Tabaka kweli? Mnunuzi hana njia ya kujua. Na familia ya Tabaka iliyochimba, ikachonga na kusugua kwa msasa na maji haina njia ya kumzuia anayelitumia jina hilo ovyo.

Ulinzi upo?

Upo. Unaitwa kiashiria cha kijiografia: jina linaloonyesha kuwa bidhaa imetoka mahali fulani, na kwamba sifa zake zinatokana na mahali hapo. Kwa njia hii, divai haiwezi kuitwa Champagne Ulaya ikiwa haikutoka eneo hilo la Ufaransa. Hata Afrika imo. Pilipili ya Penja ya Cameroon ilisajiliwa mwaka 2013, na rooibos ya Afrika Kusini ikatambuliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2021.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inaruhusu jina la asili ya bidhaa kusajiliwa kama alama ya pamoja. Usajili hufanywa na KIPI, taasisi ya serikali ya kitaifa. Mwenye alama ni chama, si mtu mmoja. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Chama kinahitaji nini?

Kanuni za matumizi: nani anaruhusiwa kutumia alama, kwa masharti gani, na anayekiuka atachukuliwa hatua gani. Kwa wachongaji, hapa ndipo penye kazi. Ni lazima wakubaliane jiwe litoke machimbo yapi, kazi mbovu ikataliwe vipi, na nani atakagua.

Tahadhari

Usajili wa Kenya hulinda ndani ya Kenya pekee. Katika miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "Kikoy" liwe alama yake. Wafumaji wetu waliponea kwa sababu pingamizi liliwasilishwa mapema. Anayeuza ng'ambo afikirie pia usajili wa huko.

Wachongaji ambao hawajajiunga na chama waanzie kwa afisa wa ushirika wa kaunti ndogo yao. Fomu zitafuata. Kikao cha kukubaliana kanuni ndicho cha kwanza.